Kipimo cha PSMA PET: ulizeni kabla ya kuchanga

Mume, baba au kaka yako amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na daktari ametaja kipimo cha PSMA PET. Kabla familia haijauza ng'ombe au kipande cha shamba, elewa kinafanya nini na kinamfaa nani.

Kinafanyaje kazi?

Chembe nyingi za saratani ya tezi dume zina protini iitwayo PSMA kwa wingi. Mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, ambayo huitafuta protini hiyo na kuing'ang'ania. Baada ya saa moja hivi anaingizwa kwenye mashine, na sehemu ambako saratani imesambaa, kama vile kwenye mifupa, hung'aa kwenye picha.

Kwa nini kinazungumzwa sana?

Mwaka 2020 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa. Usahihi wa PSMA PET ulikuwa 92%. Wa CT skani pamoja na skani ya mifupa, 65%. Desemba mwaka huohuo Marekani ikakiidhinisha. Kwetu, mashine za PET zipo Nairobi, katika Hospitali ya Aga Khan na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Si rahisi kukisambaza kila mahali, kwani dawa yake haikai: mojawapo hupungua nusu kila dakika 68.

Je, kila mgonjwa anakihitaji?

Hapana. Katika utafiti huo, PSMA PET ilibadilisha mpango wa matibabu kwa wagonjwa 28 kati ya 100. Vipimo vya kawaida, 15. Wengi waliendelea na mpango uleule. Kinasaidia zaidi kabla ya upasuaji au tiba ya mionzi kwa saratani ya hatari kubwa, au PSA inapopanda tena baada ya matibabu. Saratani ya hatari ndogo kwa kawaida haikihitaji. Na kama vipimo vya kawaida vimeshaonyesha imesambaa, muulize daktari kama dawa zianze sasa. Matibabu yasisubiri michango.

Muulize daktari:

- Jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu yake?
- Tukikosa pesa, vipimo vilivyopo hapa vinatosha kuanza?
- Gharama yote ni kiasi gani, na bima inalipa ngapi?

Akirudi nyumbani

Mpe maji ya kutosha ili mionzi itoke kwenye mkojo. Kama una mimba, au kuna watoto wadogo, msikae naye karibu kwa saa ambazo hospitali itawaambia. Asimpakate mtoto kabla ya hapo.

Picha ikionyesha doa, usikate tamaa. Hata mfupa uliowahi kuvunjika unaweza kung'aa. Subiri daktari alinganishe picha na PSA na vipimo vingine.