Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Methali hii mwaijua tangu utoto. Mwaka 2016 Wafaransa walitoa sinema ya kuchekesha ambayo yaielekea kabisa. Jina lake «Bienvenue à Marly-Gomont», maana yake «Karibu Marly-Gomont», na aliyeiongoza ni Julien Rambaldi. Marly-Gomont ni kijiji cha kweli, kaskazini ya Ufaransa, katika jimbo la Aisne: nchi ya malisho, ng'ombe na mvua, yenye wakaaji mia chache tu.

Hadithi yaanza mwaka 1975. Seyolo Zantoko, kijana wa Kinshasa, amemaliza masomo ya uganga katika mji wa Lille. Kwao yamngoja kazi ya fahari: kuwa mganga wa Rais Mobutu mwenyewe. Aikataa, kwa kuwa hataki kushiriki utawala wa rushwa. Wakati huo meya wa Marly-Gomont atafuta mganga, wala hampati, maana waliosoma hawapendi kukaa mashambani. Seyolo akubali. Mkewe Anne, aliye bado Kinshasa, asikia habari ya Ufaransa na kushangilia, akidhani waenda Paris. Afika na watoto wawili, akuta mvua, matope na ng'ombe!

Ndipo kicheko chazidi. Wanakijiji hawajapata kuishi na mtu mweusi. Wamwepuka kama mwenye ukoma. Chumba cha mganga ki tayari, naye yu tayari, bali wagonjwa hakuna. Mtu mwenye maumivu aona heri asafiri mpaka mji mwingine kuliko kuguswa na mikono asiyoizoea. Twacheka, lakini ndani ya kicheko mna uchungu: mganga asiye na wagonjwa atawalisha watoto wake nini?

Seyolo hagombani na mtu. Aenda kwenye mkahawa wa kijiji, anywa pamoja na wakulima, acheza nao mchezo wa kurusha vishale. Hata kazi ya shamba aifanya. Polepole wanaume wamzoea. Kisha mwanamke mmoja ashikwa na uchungu wa kuzaa, na saa kama ile haiulizi rangi ya mganga. Binti yake Sivi naye ajua kupiga mpira kuliko wavulana. Na wale waliowaogopa wazazi wake, waanza kumshangilia mtoto.

Lililonipendeza ni hili: kicheko hakimwachilii Seyolo. Alimficha mkewe ukweli juu ya kijiji, na Anne hanyamazi. Tena amkataza Sivi mpira, kwa sababu ataka watoto wasome tu. Wenyeji wana ukaidi wao, na mgeni ana wake. Kila upande una jambo la kujifunza.

Seyolo Zantoko alikuwa mtu wa kweli, ijapokuwa sinema haikufuata kila jambo la maisha yake. Alifariki mwaka 2009. Mwanawe Kamini, aliyesomea uuguzi, alijulikana Ufaransa nzima mwaka 2006 kwa wimbo wake wa kuchekesha juu ya kijiji hicho, kisha akashiriki kuiandika sinema hii. Na mchezaji aliyejifanya Seyolo, Marc Zinga, ni mzaliwa wa Likasi, katika Katanga yetu.

Basi, wazazi na wanafunzi, tuwacheke wakulima wa Aisne, si dhambi. Lakini mwalimu au muuguzi wa kabila lingine akitumwa kijijini kwetu, sisi twamchungulia mlangoni siku ngapi kabla ya kumpelekea kiti? Na mama akimkataza mtoto kwenda kwake, baba asema nini? Zungumzeni neno hili jioni mkiisha kula. Wagonjwa wa Marly-Gomont walikuwa na mganga karibu, nao wakaendelea kuumwa kwa sababu ya woga wao wenyewe.