Diwani na Simu ya Kijiweni
Wiki hii, kwenye kijiwe cha kahawa Msasani, simu ilipita mkono kwa mkono ili kila mtu asikie ujumbe wa sauti wa diwani mmoja wa Kinondoni: msiba wa mzee fulani, mitaro itazibuliwa, vikundi viandae katiba kwa ajili ya mikopo. Nilipenda msiba ulivyotangulia. Diwani wa pwani asiyejua matanga hachaguliwi mara mbili. Mikopo ni ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, mpangilio wa timu ya mpira kabisa. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Mama muuza samaki akauliza, “Sawa baba, wale waliokopa mwanzo wamerejesha?” Kimya. Mdomo hauzibui mtaro. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kila robo mwaka hukaa kwenye Baraza la Madiwani, hesabu anaziona. Taarifa isiyotaja shilingi ni salamu tu. Atubandikie mapato na matumizi kwenye ubao wa serikali ya mtaa, miwani tunayo.