UMEME WA SELI ZA HAIDROJENI WATAKA NIDHAMU

Tangu zamani hakuna kikosi kilichoondoka kambini kabla ya kuhesabu risasi, chakula na mafuta. Siku hizi hapana budi kuhesabu umeme pia, kwa sababu simu ya upepo iliyokosa umeme ni mzigo mgongoni mwa askari. Ndiyo maana leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari na polisi juu ya seli za haidrojeni, mitambo inayozidi kuingia katika majeshi ya dunia, na hasa juu ya jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa haraka: namna ya kuitawala nguvu yake.

Seli hiyo hupewa haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, ikatoa umeme, joto na maji. Haina moto wala mngurumo. Seli moja ikifanya kazi hutoa kiasi cha volti 0.7 tu, kwa hiyo mamia hupangwa pamoja kama askari katika gwaride. Na kama ilivyo katika gwaride, mmoja akijikwaa safu nzima huharibika.

Hatari yenyewe ni hii. Mtu anapowasha mashine kubwa, umeme hutakiwa papo hapo. Lakini hewa husukumwa na kompresa, nayo huhitaji muda kuongeza mwendo. Katika muda huo mfupi seli hukosa oksijeni na volti huporomoka. Haidrojeni ikikosekana ndiyo mbaya zaidi, kwani seli yenye njaa huanza kujila yenyewe: kaboni iliyomo ndani yake huliwa, na hasara hiyo hairudi. Kwa sababu hiyo mtambo ulioundwa vema huwa na kidhibiti kinachozuia mkondo wa umeme usipande upesi kuliko gesi inavyofika, na betri ya kujaza pengo. Hewa nayo hupelekwa zaidi ya kipimo, mara nyingi karibu maradufu, ili pawe na akiba. Hata hivyo kompresa hiyo hula umeme wa mtambo wenyewe, kwa hiyo akiba ikizidi huwa ubadhirifu. Maji nayo yataka uangalizi. Utando wa seli ukikauka hupasuka, na ukilowa kupita kiasi gesi haipiti.

Mfano bora uko baharini. Mwaka 2005 jeshi la wanamaji la Ujerumani lilipokea nyambizi ya U31, ya aina ya 212A, yenye seli 9 kubwa za kiasi cha kilowati 34 kila moja. Oksijeni hubebwa katika hali ya kimiminika, na haidrojeni hufungiwa ndani ya madini maalumu. Mwaka 2013 nyambizi ndugu yake, U32, ilikaa chini ya maji siku 18 pasipo kuvuta hewa ya juu. Mabaharia hawakuyapata hayo kwa kukimbia. Kwa seli peke yake nyambizi hizo huenda polepole, kiasi cha maili 8 za baharini kwa saa; ikibidi kufika 20, betri ndizo huchukua kazi. Sababu ni hesabu tu: chini ya maji nguvu inayotakiwa hupanda kwa mchemraba wa mwendo, hivyo kutoka 8 hadi 20 ni zaidi ya mara 15. Seli zimepewa kazi ya mwendo mrefu wa kimya, na betri kazi ya shambulio au kutoroka. Kamanda asiyejua mgawanyo huo angeweza kumaliza betri kwa haraka ya muda mfupi, kisha akabaki na nguvu isiyomtosha adui atokeapo.

Wako wanaodhani seli ni ghala la umeme. Wakumbushwe Apollo 13. Tarehe 13 Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipasuka, na kati ya seli tatu za chombo hicho mbili zilizimika baada ya dakika chache. Ya tatu ikafuata. Lovell, Swigert na Haise walihamia katika chombo cha kutua mwezini, wakazima karibu kila kitu, wakavumilia baridi kali, na tarehe 17 wakafika nyumbani kwa betri walizozifanyia ubahili mkubwa.

Jenereta ya dizeli, ambayo wengi wetu tumeizoea, husamehe mengi. Ukiitwisha mzigo ghafla hunguruma, hutoa moshi, kisha hushika kazi. Mazoea hayo yakipelekwa kwenye seli yataziua. Isitoshe, dizeli inayowasha taa mbili usiku kucha hupoteza mafuta, wakati seli hufanya kazi kwa ufanisi zaidi pasipo mzigo mzito. Walakini nayo haipendi kukaa bure ikiwa imewashwa, wala kuwashwa na kuzimwa ovyo.

Kwa hiyo maofisa wa ugavi wanaotandaziwa karatasi za mauzo wasitosheke na tarakimu ya kilowati iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Waulize mtambo huchukua sekunde ngapi kutoka mzigo mdogo hadi mzigo kamili, na betri yake hubeba pengo hilo kwa muda gani. Waulize pia kidhibiti kikiharibika katika kituo cha mpakani nani atakitengeneza. Na fundi huyo apelekwe mafunzoni kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa.