Mtwara Haikukosa Mafundi wa Kuunga Vipande

Makala iliyotoka juzi kuhusu mablanketi ya viraka inadai kwamba wanawake wa pwani ya Mtwara hawakuwahi kuwa na ufundi wa kuunga vipande, hivyo waletewe walimu. Mwandishi angepita Mikindani au Msimbati akakaa barazani mkeka ukishonwa, asingeandika hivyo.

Mkeka hausukwi mzima. Ukindu hukaushwa, huchanwa chane nyembamba, zinazotakiwa rangi huchemshwa nayo, ndipo husukwa ukili: utepe mrefu wa upana wa vidole vichache. Kili hizo huungwa ukingo kwa ukingo kwa sindano nene, na hapo ndipo fundi hujulikana. Nakshi ya ukili mmoja isipokutana na ya jirani yake, kazi imeharibika, na mnunuzi ataiona kabla hajauliza bei. Hesabu hiyo ya pande na rangi ndiyo ileile aifanyayo mshona viraka wa Uingereza.

Kinachokosekana ni pamba katikati. Na nani, kwa joto la Desemba mdomoni mwa Ruvuma, anataka kujifunika matabaka matatu?

Tena kuna Wasidi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, ambao hushona kawandi: viraka huanzia pembeni vikielekea kati, vikishikwa kwa mshono wa bandi. Mwandishi wetu, aliyejaza safu nzima kwa Marekani, hakuwataja hata kwa mstari.

Walimu waje, sawa. Ila waje na oda za mikeka.