Kutoka Kibali Hadi Bajeti

Mzee wa Garissa alipokuwa akipanda basi la Nairobi zamani, aliwaaga jirani zake akisema, "Naenda Kenya." Vijana wa mjini wakisikia hayo hucheka. Ndugu msomaji, huo haukuwa mzaha.

Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini, iliyojulikana kama NFD. Kuingia au kutoka kulihitaji kibali. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilizunguka huko ikiuliza wakazi maoni yao, na Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Badala yake, mwaka 1963 waliundiwa jimbo ndani ya Kenya, la Kaskazini Mashariki, Garissa ikawa makao yake makuu.

Bunduki zikalia. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya Shifta vikaendelea hadi mapatano ya Arusha ya 1967. Vita viliisha, lakini sheria za hatari zilibaki hadi 1991. Katikati ya miaka hiyo, Februari 1984, wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lililoshindikana kwa risasi lilikuja kwa kalamu, ingawa kwa sura nyingine. Katiba ya 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na tangu 2013 Garissa, Wajir na Mandera huchagua magavana na mabunge yao. Kaunti zote kwa jumla lazima zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tena ipo Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa.

Lakini madaraka yakija nyumbani, lawama nazo huja. Zahanati ya kijijini ikikosa dawa, si Nairobi peke yake ya kuulizwa. Katiba inampa mwananchi haki ya kushiriki katika mipango ya kaunti yake, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mzazi, kikao cha bajeti kikiitishwa, nenda na mwanao aliye shuleni. Babu yake aliombwa kibali. Yeye na aombe hesabu.