MTOTO MWENYE HOFU HAJIFUNZI

Ndugu wananchi wa Mbulu na Hanang, juma hili hatusemi habari za barabara wala bei ya vitunguu. Twasema habari za mtoto wa darasa la kwanza atokaye nyumbani kungali giza, miguu imelowa umande, akafika shuleni na kukuta kengele imekwisha kulia na mwalimu amesimama na fimbo.

Amekosa nini mtoto huyu? Nyumbani amezoea Kiiraqw au Kidatoga. Kiswahili anakutana nacho darasani. Akiulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake huitwa ukaidi. Amekuja na njaa, na njaa yake huitwa uvivu. Huchapwa kwa kuchelewa, huchapwa kwa kukosa hesabu. Mwisho hujifunza jambo moja tu, nalo ni kujificha. Kisha twamwona machungani, nasi twasema hapendi shule.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zasema wazi kwamba fimbo ni kwa makosa makubwa tu. Kwamba atakayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kwamba viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Twauliza: kuchelewa kwa sababu mto umejaa ni kosa kubwa? Kutojua saba mara nane ni kosa kubwa?

Wako wasemao, "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Ndiyo, tumekuwa watu. Lakini wale tulioanza nao darasa moja wakatoroka, wako wapi? Waliobaki ndio wanaosimulia. Wengine hutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali imesema mkunje, haikusema mvunje.

Jirani zetu wamekwisha kujaribu. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziligawanywa mafungu mawili, na fungu moja likafundishwa kulea adabu bila kipigo. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Katika shule za kawaida, karibu watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na wafanyakazi wa shule katika juma lililopita. Katika zile zilizofundishwa walikuwa 31. Wala masomo hayakuzorota.

Na tukumbuke msiba wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yaliteremka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mtoto aliyeona hayo, akisinzia darasani au akilia bila sababu inayoonekana, dawa yake ni fimbo?

Hatumtupii mwalimu lawama zote. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twajua uzito wa kusimama peke yako mbele ya darasa lililojaa. Lakini adabu ina njia nyingine: kusifu jitihada hata jibu likiwa si sahihi; kumwacha mgeni wa Kiswahili aelezwe na mwenzake kwa lugha ya nyumbani; nyimbo na michezo; na mwalimu mmoja ajulikanaye na wote kwamba mtoto mwenye shida aweza kumwendea bila hofu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi mwenye kuuliza na kujiamini. Haulizi anayetetemeka.

Basi kazi ni yetu. Ada ilifutwa, lakini kufutwa kwa ada hakukufuta njaa. Baada ya mavuno kila mzazi mwenye uwezo apeleke mahindi na maharage, watoto wapate makande mchana. Kamati za shule ziombe kukiona kitabu cha adhabu, na kama hakuna kitabu, ziulize kwa nini. Serikali nayo tuidai walimu wa kutosha, kwa adabu lakini bila kuchoka.

Wazee wetu wa Kiiraqw hufunga mikutano kwa slufay, wakiwaombea watoto heri, nasi sote twaitikia. Haifai tuitikie jioni, na asubuhi tumpeleke mtoto yule yule mahali anapopaogopa. Heri tuliyomwombea aikute shuleni.