Zebaki nyekundu haipo jamani! Valvu za Korogwe na Handeni zinavunjwa bure

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuzungumzie redio mbovu. Msicheke. Kuna hela na historia inayopotea hapa.

Wa Korogwe mnaijua hii biashara. Jamaa anapita na toroli ananunua chuma chakavu: sufuria zilizotoboka, rejeta, na zile redio kubwa za mbao za enzi za wazee. Redio inapimwa kwa kilo kama viazi. Pale Manundu nimemkuta mmoja anapasua kwa nyundo ili apate shaba ya transfoma. Valvu, yaani zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani, zimetupwa vumbini. Upande wa Handeni kuna balaa jingine: zinavunjwa valvu zenyewe. Wanatafuta "zebaki nyekundu", eti gramu moja ni mamilioni.

Uvumi huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu waligombania cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu, wakiamini ndani yake mna hiyo zebaki. Hapakuwa na kitu. Handeni zebaki ya kweli inajulikana, maana wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwayo, basi tapeli akisema kuna nyingine nyekundu, mtu anaona inawezekana. Haiwezekani. Hakuna aliyewahi kuithibitisha popote duniani.

Sasa ile rangi ya fedha inayong'aa kwenye kichwa cha valvu ni nini? Ni bariamu. Kiwandani hewa hunyonywa yote, kisha bariamu inachomwa ndani ili inase mabaki ya gesi. Kioo kikipata ufa, hewa inaingia na rangi inageuka nyeupe kama maziwa. Kwa hiyo ikiwa ya fedha, kuna matumaini. Ikiwa nyeupe, imekufa. Zipo valvu chache za mitambo mikubwa zenye zebaki ya kawaida kweli, na hizo ndizo hasa hutakiwi kuzivunja. Mvuke wake ni sumu.

Kwa nini mizigo hii iko kwetu? Mkonge, ndugu zangu. Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, yakafuata mashamba, reli, mameneja, misheni na maduka ya Wahindi. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, wenye uwezo walisikiliza kwa redio za valvu. Transista ilikuwa imegunduliwa Marekani mwaka 1947, lakini ilichukua miaka kufika dukani kwetu.

Maandishi kwenye kioo yanakupa hadithi yenyewe. Kwa mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza inaeleza umeme wa kuwasha uzi wa ndani. E ni volti 6.3, mara nyingi redio au amplifaya ya umeme wa ukutani. D ni volti 1.4, redio ya betri. Ukikuta DL96 au DAF96, ujue ilikaa kwenye nyumba isiyo na umeme. Ukikuta ECC83, EL84 au EL34, hapo tulia. Hizo ndizo zinazotafutwa na wapiga magitaa na wapenda muziki wa sahani dunia nzima.

Na hii ndiyo sababu nasema ni habari ya leo. Viwanda vikubwa vya valvu vilivyobaki vinahesabika kwa vidole: Urusi, Slovakia, China. Machi 2022, vita ya Ukraine ilipopamba moto, Urusi ilizuia bidhaa kibao kwenda nje, na valvu za kiwanda cha Saratov zikanaswa humo. Baadaye ziliachiwa, lakini bei ikawa imeshapanda. Watu wakarudi kuwinda za zamani: Mullard za Uingereza, Telefunken za Ujerumani, RCA za Marekani.

Lakini msikimbilie darini kwa babu bado. Nisiwe tapeli wa pili. Valvu nyingi za redio hazina bei kubwa. Jina kwenye kioo pia si ushahidi, maana viwanda vilikuwa vinanunuliana na kubandika majina yao. Wajuzi wanaangalia alama za kiwandani: msimbo wa Mullard unaoanza na B ni wa Blackburn, na Telefunken ndogo nyingi zina alama ya almasi chini, katikati ya miguu. Kisha inapimwa kwa mashine. Na kulinganisha sauti kunataka amplifaya ileile, wimbo uleule, sauti ileile, na msikilizaji asiyejua ipi imechomekwa. Ukijua, sikio linafuata jina.

Sasa swali langu: nani anafaidi? Mwenye redio anapata bei ya soda, mwenye toroli anapata shaba, na kilichokuwa na soko kinaishia jalalani. Tatizo si umaskini wa vitu, ni kukosa taarifa. Tapeli anaingia kijijini kwa sababu hakuna aliyemtangulia na ukweli.

Nashauri hivi. Kwanza, usivunje, na usichomeke redio ya miaka hiyo kwenye umeme kujaribu. Ndani kuna volti zaidi ya 200, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata ukichomoa waya. Mpelekee fundi mzee, hao bado wapo. Pili, piga picha ya maandishi, na ukiwa hapo kafe dakika zako hazijaisha, tafuta namba hiyo mtandaoni. Angalia bei iliyouzwa, si bei inayoombwa. Tatu, redio nzima yenye boksi zuri usiichambue kabisa. Hiyo ni ya shule au makumbusho, wajukuu waone.

Na yeyote anayekuja na habari za zebaki nyekundu, mwambie aionyeshe yake kwanza.

Wadau wa Mombo, Hale, Mkata na Chanika, mnasemaje? Kwenu zipo? Zinanunuliwa kwa bei gani? Leteni maoni hapo chini, na matusi tuyaache nyumbani.